Wimbo wa Sita Kabla Kanisa Halijatoka

Kanda yangu ya kwanza ya jazi niliirekodi nyumbani kwetu Tawa, kwenye kile chumba cha pembeni ambacho mama aliweka mahindi, majembe, na wakati huo mbuzi mmoja mgonjwa. Ilikuwa ya nyimbo sita zisizo na maneno. Gita ni mimi, debe la kugonga ni mimi, tarumbeta ni mimi. Mtu akiniuliza bendi iko wapi, nilimwonyesha kigoda.

Nilikuwa nimefika darasa la saba nikaachia hapo. Lakini hii kazi nilikuwa nimeipanga kichwani vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Nilikuwa na redio ndogo ya kaseti, inayotumia mawe, zile betri ndogo za dukani. Jirani yetu, mwenye mashine ya posho, alikuwa na kubwa ya spika mbili, aliyoifunga kwa betri ya gari, na Jumapili alikuwa ananiazima. Basi napiga gita huku mguu unagonga debe, ile ndogo inarekodi. Natoa kanda, naitia kwa kubwa, gita langu linaanza kuimba lenyewe, na mimi naketi mbele yake napuliza tarumbeta juu yake, huku ndogo inameza vyote viwili kwenye kanda mpya. Ukikosea mwishoni unarudi mwanzo. Mara ya kwanza kujisikia nikiwa watu wawili nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia.

Siku hizo kwetu bendi yoyote yenye gita iliitwa jazi. Mimi niliyoipenda ilikuwa ile ya redio za mbali, inayokuja ikipotea, ambapo mtu wa tarumbeta anauacha wimbo uende zake, anazunguka nyuma ya nyumba, halafu anaukuta mlangoni kama hajatoka. Nilitaka na mimi nizunguke hivyo, hata kama ni mara sita tu maishani.

Tarumbeta yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya kanisa. Nilikuwa napiga sauti ya pili kwenye bendi ya kanisa letu, na kwa sababu ni mimi niliyeijali kuipangusa, wazee waliniachia nikae nayo nyumbani. Ilitakiwa ipige tenzi, na ilikuwa inapiga tenzi. Lakini ukuta wetu ulikuwa umegusana na ule wa mashine ya posho, na engine yake ikianza Jumatatu mchana hainyamazi mpaka Jumamosi jioni, na usiku tarumbeta ingeamsha kijiji. Kimya cha kurekodi kilikuwa kimoja tu, Jumapili, Tawa nzima ikiwa kwenye viti vya kanisa. Kwa hivyo nilikuwa napiga tenzi mwanzo wa ibada, napiga wakati wa sadaka, na mahubiri yakianza natoka kwa mlango wa kando. Mahubiri yetu hayakuwa ya mchezo. Ungeweza kuinjika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ukaiva na kupoa, mhubiri bado yuko Misri na Farao.

Hivyo ndivyo nyimbo tano zilikamilika. Wa sita ulikuwa na gita tayari, umebakia tarumbeta peke yake.

Halafu nikaharibu. Ilikuwa wakati wa sadaka, utenzi ninaoujua tangu utoto, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea ile njia ya nyuma ya nyumba. Kwa ubeti wa tatu vikaenda. Ilikuwa kitambo kidogo tu, nikarudi haraka. Lakini kwa kiti cha mbele palikuwa na nyanya mmoja ambaye, watu walisema, kabla ya kuokoka alikuwa mchezaji wa ngoma asiye na mfano. Na sisi Wakamba ngoma tunaicheza kwa mabega. Mabega yake yakatikisika. Yeye mwenyewe alishtuka, akayakamata kwa mikono, moja hapa, moja hapa, kama mtu anayezuia kuku. Watoto wakacheka. Wazee hawakucheka.

Jumatano mmoja wao, mzee mrefu aliyesimamia mambo ya bendi, akaja kumwona mama kwa shamba. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Mimi nilikuwa naye, tunatengeneza mitaro ya kungoja mvua iliyokuwa imekataa kuja.

"Mama," mzee akasema, "mabega ya mtu yakicheza kanisani, hiyo si injili imeingia. Ni kitu kingine."

"Ni kweli, mzee."

"Kijana Jumapili asije kupiga. Ibada ikitoka tutakuja kwako, wazee watatu, tuombe, tuchukue tarumbeta kwa heshima. Kuna ndugu wa Kathonzweni wanaanza bendi yao. Itaenda nao siku hiyo hiyo."

Mimi nilikuwa nimeshika jembe. Nilitaka kusema kitu, mama akaniangalia, nikarudi kuchimba. Mzee alipoondoka akaniambia pole pole, "Wakifika, uwape kitu chao. Usibishane nao. Mimi nitakaa wapi pale kanisani?"

"Nitawapa, mwaitu. Lakini wimbo mmoja bado."

"Hayo sijui. Wakipiga hodi, unatoa."

Nikakubali. Na kwa sababu nilikubali, zile siku zilizobakia nilitembea kama mtu aliyebeba mayai. Kathonzweni si mbali, lakini tarumbeta ikishaenda kwa bendi ya watu wengine imeenda. Nyingine sikuwa na mahali pa kuitoa. Na kanda ya nyimbo tano na nusu ningempelekea nani?

Alhamisi nikaenda kwa mwenye mashine ya posho. Alikuwa mtu wa kutoka sehemu za Murang'a, mweupe kwa unga mpaka kope, na alikuwa anapenda kunichokoza.

"Mzee, nilikuwa naomba uzime engine kidogo tu, nirekodi."

Akaniangalia, akaangalia laini ya akina mama na madebe yao. "Kijana, hawa watu wanasaga mahindi ya mwisho waliyonayo. Nizime engine nikiwaambia kuna mtu anapuliza firimbi?"

"Ni tarumbeta."

"Waambie wewe basi. Simama pale juu ya gunia uwaambie."

Akina mama wakacheka, mmoja akasema nipulize nikiwa ndani ya gunia. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani bila kitu. Ikabaki Jumapili peke yake, kuanzia kengele ya ibada mpaka wazee wafike mlangoni.

Kulikuwa na shida ya pili, mawe. Yalikuwa yamechoka, na kwa duka hayakuwapo. Jumamosi nikayauma kwa meno, nikayapanga juu ya bati yaote jua mchana kutwa, na Jumapili asubuhi tena. Lakini mawe ya jua yana nguvu za uongo. Yanaanza kama mapya halafu yanaanguka ghafla. Yakianguka unaporekodi, ile redio inazunguka pole pole na wewe huoni kitu. Siku ukiitia hiyo kanda kwa redio nzima, wimbo unakimbia na sauti inapanda juu kama ya mtoto. Ilikuwa imenipata kwa wimbo wa pili, ikabidi niurudie wote.

Jumapili mama akavaa kitambaa chake cha kichwa, akaenda bila kuniangalia. Jirani akaleta redio yake na betri ya gari kwa toroli, amevaa tai, akielekea kanisa lao la upande wa pili wa soko. "Ikirudi na mchanga, nakusaga," akasema. Halafu kijiji kikanyamaza.

Mara ya kwanza jogoo aliingilia. Nikamfukuza mpaka kwa shamba la watu. Mara ya pili nilikuwa naenda vizuri sana, nimeshazunguka nyuma ya nyumba, narudi, mbuzi akakohoa. Nikakaa chini. Nilikuwa na hasira na huruma pamoja, kwa sababu alikohoa kama anayeomba msamaha. Nikamtoa nje, nikamfunga kivulini, nikampa maji. Mara ya tatu ni mimi mwenyewe, midomo ilichoka, noti ikavunjika mahali ambapo hata mtoto angeipata.

Nikatoa mawe, nikayaweka juu ya bati tena. Nikakaa mlangoni nayatazama kama mtu anayechunga chungu. Ndipo nikasikia kwa mbali utenzi wa kufunga ibada.

Niliyashusha yakiwa moto ya kuchoma vidole. Ile taa ndogo nyekundu ya redio ikawaka vizuri. Nilikuwa narudisha kanda nyuma mama alipoingia anahema, kitambaa kimeteleza. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia akitoka kanisani.

"Wanakuja. Wako kwa kona ya duka."

"Mwaitu, sijamaliza."

Akaangalia redio mbili, akaangalia tarumbeta na kile kipande cha kibuyu nilichokuwa nafunika nacho mdomo wake ili sauti iwe laini. Wakati wote huo hakuwa amewahi kuuliza chochote juu ya kazi hii.

"Hiyo kitu ni ndefu namna gani?"

"Kama uji kuchemka."

"Uji mwingi ama kidogo?"

"Kidogo, mwaitu."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Nikabonyeza.

Gita la huo wimbo lilikuwa na mwanzo mrefu kabla tarumbeta haijaingia, kwa hivyo nilisikia yote.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amen, wazee. Karibuni."

"Kijana yuko?"

"Yuko. Lakini mnaingia kwa mji wangu bila kuomba?"

"Tutaombea ndani."

"Ndani nimejaza mahindi, hakuna pa kusimama. Ombeni hapa. Na mzee, usisahau mvua. Na huyu mbuzi mnamwona. Na dada yangu wa Kambu, mguu wake."

Halafu ile sauti ndefu ya mzee wa bendi, "Tuinamishe vichwa."

Nikaingia.

Kwetu mzee akishaanza kuomba hakuna wa kumkata, na yeye mwenyewe hawezi kujikata. Hilo mama alilijua, na mimi nilijua kwamba yeye anajua. Nilipuliza nikiwa nimeinamia kibuyu, jasho linaingia machoni. Mlangoni nilisikia mzee anashukuru kwa uhai. Akaenda kwa wagonjwa. Akafika Kambu kwa mguu wa mama mdogo. Ile taa nyekundu ikaanza kufifia.

Palikuwa na mahali kwenye huo wimbo ambapo ningeweza kuchagua. Kama ningeenda moja kwa moja, ningefika mwisho kabla mawe hayajaanguka. Kama ningezunguka, sikujua. Mzee alikuwa ameshafika kwa viongozi wa nchi, na kila mtu anajua baada ya viongozi ni amina. Midomo yangu ikasema moja kwa moja. Vidole vikazunguka.

Sitasema nilipiga vizuri. Nilipiga kila nilichokuwa nacho. Nilienda nyuma ya nyumba nikakaa huko, nikaona taa imekuwa kama kaa linalokufa, nikarudi, nikaukuta wimbo mlangoni. Gita likamaliza lenyewe. Nikazima.

Nje, maombi yalikuwa bado. Mzee alikuwa kwa mvua. Nikatoa mate kwenye tarumbeta, nikaipangusa kwa shati langu mpaka ndani ya mdomo wake, nikafungua mlango. Walikuwa wanne wamefumba macho, mama akiwa wa mwisho. Na mimi nikasimama nikafumba. Akaombea mbuzi. Akaombea punda. Ndipo akasema amina.

Nilimpa kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaiangalia ndani kama mtu anayeangalia kisima.

"Ni safi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kathonzweni wataiharibu." Akaifunga kwa koti lake, akamuaga mama, wakaenda. Nilimtazama mpaka kona ya duka.

Mama alikuwa anafungua mbuzi. "Huyo mzee nimemsikia akiomba tangu niolewe," akasema. "Hajawahi kuombea punda. Na sisi hatuna punda."

Jioni, kabla jirani hajaja kuchukua redio yake, nikaitia kanda kwa ile kubwa. Mama akaketi juu ya gunia, amenyoosha miguu. Nyimbo tano zikapita. Wa sita ukaanza vizuri, na mimi nikawa nahesabu moyoni ni wapi utaanguka. Ulianguka pale pale, tarumbeta inaporudi. Wimbo ukaanza kuchapuka, sauti inapanda, gita linaifuata, mpaka mwisho ikawa ni kama watu wawili wanaokimbizana wakirudi nyumbani.

"Hapo unakimbia," mama akasema.

"Ni mawe, mwaitu. Yalikwisha."

"Ni uoga."

"Ni mawe."

"Mimi nilikuwa hapo nje. Mimi pia nilikuwa nakimbia, nimesimama tu." Akacheka kidogo, akapangusa macho kwa pembe ya leso. "Irudishe nisikie tena."

Nikairudisha. Mara hii nilisikiliza bila kuhesabu. Mwisho wake haukuwa nilivyoupanga, na tenzi zote za Tawa zisingeufanya uwe nilivyoupanga.

"Niuache hivi?" nikamuuliza.

"Una tarumbeta ingine?"

"Sina."

"Basi."

Nikachukua msumari, nikavunja vile vimeno viwili vya nyuma ya kanda, ili mtu yeyote asije akarekodi juu yake.