Dobi wa Mlango Namba Arobaini na Moja

Watu wa mtaa walimbatiza jina la Hodi, likamganda. Kazi yake ilikuwa kubisha milango na kuuliza maswali ambayo hata shemeji yako huwezi kumuuliza: mnalala wangapi chumba kimoja, mnakula mara ngapi, kwa wiki mnaingiza nini. Majibu aliyaandika kwenye fomu kwa mwandiko wa darasa la saba, mkubwa na ulionyooka, kisha akayapandisha ghorofa ya tatu kwa bosi wake.

Bosi wake alikuwa mwanamke mchumi. Pale ofisini walimwita Daktari, na kwa sababu hiyo mlinzi wa getini aliwahi kumfuata hadi juu kumwomba dawa ya kikohozi. Miaka kumi iliyopita alichagua milango sitini ya mtaa wa mabati, Hodi akaipiga namba kwa rangi nyekundu, wakaanza kuuliza. Sasa walikuwa wamerudi kuuliza tena. Daktari alitaka kujua jambo moja: uchumi ukikua, maskini anamkaribia tajiri, au pengo linabaki palepale?

Hodi alipopeleka fomu za mwisho, Daktari alimgeuzia kompyuta.

"Kaka Hodi, hebu ona. Mstari wa bluu ni matajiri wa kilimani. Mwekundu ni wa mtaa wako. Unaona unavyoufukuzia mwenzake?"

"Naona, Daktari."

"Keshokutwa naupeleka kwa wakubwa. Wanataka kujua kama ile kliniki ya bure ya mtaani bado inahitajika, au mtaa umeshajiweza."

Hodi akaitikia kwa kichwa. Mbele ya watu waliosoma, maneno yalikuwa yakimkauka mdomoni. Lakini alishuka ngazi moyo ukimuuma, wala hakujua kwa nini.

Mkewe ndiye aliyemfumbua macho, aliposimuliwa habari za mstari huku akimenya viazi.

"Mtaa umepanda? Mbona mimi sijauona ukipita hapa?"

"Kompyuta ndiyo inasema, Mama Mapacha."

"Na yule dobi wa arobaini na moja, naye kapanda?"

"Dobi alihama, kodi ilimshinda. Siku hizi pale anakaa karani wa benki."

"Sasa wewe uliandika habari za nani?"

"Za aliyefungua mlango. Tuliambiwa turudi milango ileile, na majina hatuandiki, ni siri ya watu."

Mkewe akaangua kicheko. "Kwa hiyo Daktari wako anajua dobi kawa karani wa benki!"

Hodi naye akacheka. Kisha kisu kikabaki kwenye kiazi. Dobi alikuwa bado anakuja kliniki ile kwa miguu, kila mwezi, na mwanawe mwenye kifua.

Asubuhi yake Hodi alipanda ghorofa ya tatu kabla hata chai haijachemshwa.

"Daktari, nimeharibu kazi." Akaeleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi.

Daktari aliukodolea macho mstari mwekundu. "Hukuharibu wewe. Maelekezo niliyaandika mimi," akasema mwishowe. "Waliohama ni wangapi?"

Hodi akafumba macho. Akaupita mtaa mzima kichwani, mlango kwa mlango, akikunja vidole.

"Ishirini na watatu."

"Kwa kichwa tu?"

"Nimekaa kwenye vigoda vyao, Daktari. Nitawasahau vipi? Nipe wiki mbili, nitawaleta. Kwenye fomu, namaanisha."

Daktari akacheka bila kutaka, kisha akavuta simu kuomba wiki hizo mbili. "Wakubwa wataninyoa bila maji," alisema, lakini namba alizibonyeza.

Katika kazi hiyo Hodi hakuwa na haya hata kidogo. Alimuuliza muuza mkaa, naye akamwelekeza kwa fundi cherehani, naye akampeleka kwa shangazi wa mtu. Mwishowe alimkuta dobi mbali, nyuma ya mashimo ya matofali, akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni.

"Hee, Hodi! Umepotea?"

"Uliyepotea ni wewe. Mnalala wangapi chumba kimoja?"

"Hata salamu hakuna! Tuko sita. Na kile kigoda chako nilikiuza."

Si wote walioshuka kimaisha. Fundi baiskeli alikuwa amejenga, na Hodi aliliandika hilo kwa mwandiko uleule. Mmoja alikuwa marehemu, wawili hawakuonekana kabisa. Ishirini aliwapata. Daktari alipoingiza majibu yao, mstari mwekundu ukalegea. Ulikuwa unapanda bado, kidogo, lakini wa bluu ulikuwa ukizidi kuuacha.

Mbele ya wakubwa, mwenye mvi aliyekaa katikati alivua miwani. "Namba za milango mmeziacha, majina hamna. Mnajuaje kuwa hawa ndio walewale wa miaka kumi iliyopita?"

Daktari akageukia kiti cha nyuma. "Aliyewatafuta yupo hapa. Muulizeni."

Hodi akainuka. Jibu alikuwa nalo.

"Mheshimiwa, kila niliyebisha kwake, alipofungua aliniita Hodi. Karani wa benki aliyehamia kwa dobi huniita ‘wewe mtu wa fomu’."

Ukumbi ukacheka, na mwenye mvi pia. Akarudisha miwani, akaangalia mistari miwili kwa muda mrefu, kisha akaandika kwenye karatasi yake kwamba kliniki ibaki.

Jioni Hodi alipitia kliniki. Alichukua kopo la rangi nyekundu, akapaka upya namba ya mlango wake iliyokuwa imechujuka, ili wanaotoka mbali waione.