Mstari Mwekundu wa Tangi

Fidelis alikuwa dereva wa gari la zimamoto pale Lindi, na tusidanganyane, gari lenyewe lilikuwa hilo hilo moja. Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka yalifurika redio na mitumba, lakini kikosi kilipunguzwa hadi wakabaki watu wawili: yeye Fidelis, Mmakonde aliyeshuka kutoka Rondo, na Fakihi, Mmwera wa Rutamba, mshika mpira wa maji. Kofia ngumu walikuwa nayo moja, wakiazimana. King'ora kilishakufa, kwa hiyo Fakihi alining'inia mlangoni akigonga ndoo ya bati ili watu wapishe njia. Mji mzima uliwacheka, na wao wakacheka nao.

Mabomba ya mtaani yalitoa upepo tu. Kila asubuhi Fidelis alikwenda kujaza tangi kwenye bwawa nje ya mji, na hapo ndipo ilipozuka desturi: ukifiwa, uwe Mwislamu au Mkristo, zimamoto linakuletea maji ya kuoshea maiti, ya kutawadha na ya kupikia waombolezaji. Hakuna mkubwa aliyeamuru. Fidelis alianza kwa huruma yake, watu wakazoea. Ila alikuwa na sharti lake. Kando ya kioo cha kupimia maji alipaka mstari mwekundu katikati. Maji yakishuka hadi pale, anafunga koki, hata anayelia awe padri.

"Nusu ya msiba, nusu ya moto," alikuwa akisema.

Agosti ya mwaka tisini na tatu alifariki Bi Kijakazi, mama yake Fakihi, huko Mikumbi. Bibi huyu alimwita Fidelis mwanangu, na kila Ramadhani alimwekea futari, Mkristo yule. Siku hiyo maji yalipofika mstarini, ndoo za wanawake bado zilikuwa kwenye foleni. Fidelis akaishika koki. Akamtazama Fakihi, amejikunja mkekani, macho yamevimba. Fakihi hakuomba kitu, na atakayesema aliomba ni mwongo.

"Dereva, mstari," Fakihi alimkumbusha taratibu.

"Leo hakuna mstari, ndugu yangu. Yule ni mama yangu pia."

Tangi likakauka kabla ya adhuhuri. Fidelis alipanga kurudi bwawani wakishazika.

Hawajatoka makaburini, moshi ukaonekana upande wa Ndoro, na upepo wa kusi unavuma kweli kweli. Wakaruka garini. Walipokata kona ya mwisho, waliiona nyumba inayowaka. Ilikuwa ya Fakihi. Ndani yake alikuwa Mwanaima, bintiye, ambaye hakwenda msibani kwa sababu alikuwa na kichanga na arobaini yake haijatimia.

Fakihi aliruka gari likiwa bado linakwenda. Akaufyatua mpira, akaukokota hadi mlangoni, akapiga magoti kama alivyofanya miaka kumi na minne.

"Fungua maji, dereva."

Alikuwa amesahau, maskini, au moyo ulikataa kukumbuka. Fidelis alibaki ameganda kwenye usukani. Fakihi akarudia kuita. Akarudia tena. Majirani walileta mchanga na ndoo mbili tatu, hazikusaidia kitu. Mwanaima alimpitisha mtoto kwenye kidirisha kisichoweza kumpitisha yeye, jirani mmoja akampokea, kisha makuti yakaporomoka.

Fidelis hakulala. Asubuhi alikuwa uwanjani pa gari, akingoja Fakihi aje amlaani. Alitaka kulaaniwa, pengine angepumua. Fakihi akaja na kanzu ile ile ya jana, ina masizi hadi shingoni.

"Twende bwawani, dereva," alisema. "Mwanaima anahitaji maji."

Walijaza tangi mpaka likamwagika, wakarudi nalo kwenye msiba wa pili ndani ya siku mbili. Wanawake wakapanga ndoo zao. Fidelis akafungua koki, kisha akageuza uso, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kutazama maji yakishuka kwenye kioo.

Bado ndoo zilikuwa nyingi Fakihi alipoinuka mkekani. Akaja hadi kwenye gari, akatazama mstari mwekundu, akaifunga koki kwa mkono wake. Kisha akarudi kukaa karibu na mwanawe.