Udi wa Shoto

Jina la Shoto alipewa na baba yake mwenyewe, mpiga udi wa chama cha muziki. Kila alipojifunza akishika risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, kwa mkono wa kushoto, mzee aliichukua na kuihamishia kulia. Akajua kupiga hivyo hivyo, mkono wa kulia ukichechemea nyuma ya wimbo.

Shoto alipofika miaka arobaini na mitatu, kiharusi kikamwangusha baba, upande mzima wa kulia ukafa. Kaka yake alipiga simu kutoka mji mwingine.

"Wewe huna mume wala mtoto. Utamwachia nani?"

Shoto akaacha kazi yake ya kujalidi vitabu, akahamia vyumba viwili vya mzee, ghorofa ya tatu. Kumgeuza, kumlisha, kumwosha, kumgeuza tena. Jirani alimshikia zamu saa moja tu, Jumamosi, aende sokoni.

Jumamosi moja alipita sokoni mbio mbio, akaenda kwa fundi na udi wa baba.

"Nigeuzie nyuzi. Nikiushika kwa upande wangu, zile nene zibaki juu."

Fundi alipenyeza tochi na kioo kidogo kwenye tundu. "Tazama mbao za ndani, dada. Zimelazwa mshazari kubeba nyuzi nene upande huu. Nikizihamisha, uso utabonyea. Huu ni wa mkono wa kulia, hata ukiulilia."

Akamwonyesha mwingine, uliopauka rangi, usio na mwenyewe. Mbao zake za ndani zilikuwa zimenyooka, zingebeba nyuzi nene upande wowote. Shoto akagonga tumbo lake, akachungulia shingo kama anayelenga shabaha. Akautaka. Wakabadilishana kwa cherehani ya Shoto ya kushonea vitabu. Ilikuwa ikila vumbi tu. Kwa Jumamosi tatu fundi alichonga kibao kipya cha kupitishia nyuzi, akabandua ngozi ya kuzuia mikwaruzo na kuihamishia upande wa pili.

Siku aliyouleta nyumbani, mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe. Alicheka kwa sauti peke yake.

"Nani huyo?" mzee aliuliza kitandani.

"Mimi, baba."

"Hiyo si sauti yangu. Lete wangu."

Basi kila alasiri alimpigia udi wake, kwa mkono wa kulia. Wa kwake aliupiga jikoni mzee akilala, mlango umefungwa, magoti yakigusa jiko.

Kiongozi wa chama alikuja kumjulia hali mgonjwa, akausikia ule wa jikoni. "Wewe ulikuwa umejificha wapi? Njoo mazoezini, Jumanne na Alhamisi jioni. Kiti cha baba yako kiko wazi."

Shoto alimpigia kaka yake amtafutie mtu wa siku hizo mbili.

"Muziki?" kaka alisema. "Na mzee akijikojolea?"

Jumanne alivaa viatu hata hivyo. Jirani alikuwa hayupo. Alifika ngazi ya nne, udi mgongoni, akasikia sauti ya mzee ikiomba maji. Alisimama hapo akishika ukuta. Sauti ikaita tena. Akarudi.

Kesho yake, alipokuwa akipiga udi wake jikoni, mzee aliita kutoka chumbani.

"Shoto! Uzi wa tatu umelegea."

Shoto akaacha kupiga. Kumbe mzee hakuwa akilala. Siku zote hizo alikuwa macho, akisikia kila kosa na kila wimbo aliourudia kwa furaha. Shoto alidhani walau jiko ni lake.

Akageuza kigingi, akajaribu. Kweli, ulikuwa umelegea.

"Haya, endelea," mzee alisema.

Hakuendelea. Aliinjika chai, akampelekea, akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Siku hizi hafungi tena mlango wa jiko. Kuna haja gani? Chama kilipata mpiga udi mwingine kabla ya mwezi kwisha.