Kipande cha Kupulizia

Juzi huko Bisil, kwenye mazishi ya askari mstaafu, nilimwona kijana wa bendi ya polisi akilamba midomo kabla ya kupiga tarumbeta ya kumuaga marehemu. Nikamkumbuka binti yangu Nekesa akiwa na miaka sita, alasiri moja Kitengela, nami nikiwa bado askari mpiga tarumbeta wa bendi hiyo.

Chumba kilinuka dawa ya kung'arisha shaba. Gari la bendi lilikuwa nje likipiga honi, na kipande cha kupulizia tarumbeta yangu hakikuonekana. Ningekosa gwaride la mazishi, ningeshtakiwa. Nilipekua vitanda huku kola ikilowa jasho, mwishowe nikakipata ndani ya debe la unga.

"Nani ameweka hapa?"

"Ni mimi, baba. Ukipiga hiyo kitu, mtu anazikwa."

Alidhani tarumbeta ndiyo inayoua. Leo naelewa kwamba alikuwa akijaribu kumwokoa mtu. Siku ile nilimzaba kofi nikakimbilia gari.

Niliporudi jioni alikuwa mlangoni, shavu bado limevimba.

"Umezika nani?"

Tulikuwa tumemzika koplo mmoja, na nilipopiga, binti yake mdogo alikuwa ameziba masikio. Ningeweza kumweleza Nekesa kwamba koplo alikufa kabla sijapiga. Nilimwambia anyamaze, ale.