Toka Nao na Ghala la Mayu Domitila

Kaka yangu anaitwa Luhaga, ila hapa Somanda ukimtaja kwa jina hilo watu wanakunja uso: "Luhaga yupi?" Sema Toka Nao. Hapo hata kuku wanageuka.

Ilikuwa hivi. Miaka mitatu iliyopita jamaa, ambaye ni fundi ujenzi na anajua kuchomelea kidogo, aliamua kutengeneza mkokoteni wa ng'ombe. Nje mvua inapiga, akaona isiwe tabu, akaingiza vyuma sebuleni kwa mama. Siku tatu anachomelea humo humo. Siku ya nne kazi imeisha, akasimama kifua mbele, akautazama mkokoteni. Akautazama mlango. Akautazama tena mkokoteni. Mlango una upana wa mtu mmoja na begi lake. Mkokoteni una upana wa ng'ombe wawili.

Mama alikuwa amebanwa kwenye kochi moja lililobaki. Akasema kwa upole kabisa, "Haya baba, toka nao."

Na kwa bahati mbaya Ngassa alikuwepo. Ngassa ni rafiki yake, dereva bodaboda, na hajawahi kuona aibu ya mtu akaiacha ipite bila picha. Kufika mchana ile picha iko magrupu yote, mpaka grupu la kwaya. Mkokoteni ulitoka baada ya kuvunja ukuta. Jina likabaki ndani.

Mnacheka, na mimi nilicheka, ila lile jina lilimla. Mtu akitafuta fundi anaambiwa "yupo Toka Nao," anacheka, anachukua mwingine. Kaka akabaki na kazi za kuziba nyufa za vyoo. Choo cha huyu, choo cha yule. Mpaka Februari mwaka huu alipoitwa kijijini Kasoli na Mayu Domitila.

Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na huyu ni mama haswa, analima ekari kumi na mbili za pamba. Msimu uliopita aliirundika uani, mvua za mwisho zikamkuta, yote ikawa fifi. Fifi ni pamba iliyochafuka, ile ambayo mnunuzi anaishika kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine. Safari hii alitaka ghala, liwe tayari kabla mwezi wa tano haujaisha. Kaka aliniambia kwenye pikipiki tukienda, "Harieth, nikiharibu hii, mimi ni wa vyoo mpaka uzeeni."

"Mwangaluka mayu," akaamkia tulipofika.

"Mwangaluka baba. Mhola?"

"Mhola duhu," yaani salama tu.

"Toka Nao ndiye wewe?"

Nikaanza kukagua kucha zangu. Kaka akajibu, "Ndiyo mimi, mayu."

"Ndiyo maana nimekuita. Mtu aliyeaibika vile harudii. Haya, niambie unaanza na nini."

Kaka akatoa mfuko wa vizibo vya soda, alivyochota kwenye kibanda changu cha vinywaji asubuhi bila kuaga, akavimwaga chini. Kila kizibo kazi moja. Nilijisikia fahari, nikasema huyu amekua. Akaweka cha kwanza mbele. "Tunaanza na mabati."

"Mabati," mayu akarudia.

"Yale ya bluu, mayu. Yanaisha haraka dukani."

"Na utayaweka juu ya nini?"

"Juu ya aibu yake," nikajibu mimi. Nikapigwa jicho.

Mayu akajikunja, akakaa chini, akasogeza vizibo vyote pembeni. Akachukua kimoja, akakiweka mwisho kabisa. "Hii ni pamba yangu, iko ndani, imelala. Kabla ya hapa kitu gani kiwe kimeisha?"

"Mlango."

"Kabla ya mlango?"

"Sakafu."

"Kabla ya sakafu?"

Wakarudi nyuma hivyo hivyo, kizibo kwa kizibo. Mabati, kenchi za paa, kuta, msingi. Mwisho wakawa wamefika mwanzo. Mayu akauliza, "Kuta zikiwa zinapanda, mlango anachonga nani?"

"Mimi."

"Una mikono minne?"

Basi kizibo cha mlango kikapelekwa ubavuni mwa kuta, kazi akapewa Kasmiri seremala, zitembee pamoja. Kaka akapiga picha ule mstari wa vizibo, akauweka status na maneno "Ramani ya kazi". Ngassa akamjibu: "Na mlango umeupima?"

Kazi ikaenda, sitadanganya. Matofali ya kuchoma mayu alishakuwa nayo. Msingi wa mawe ukaisha, kuta zikapanda, matofali yakiunganishwa kwa udongo kama tunavyojenga huku, bati likakaa wiki ya tatu ya Aprili. Mlango wa Kasmiri ulikuja mapema ukawa unasubiri fremu. Kaka akaanza kutembea na penseli sikioni. Akipita kwenye kibanda changu haombi soda tena, anaagiza. "Mdogo wangu, niletee Pepsi, nina mradi."

Halafu ikafika sakafu. Sakafu inataka mchanga, na mchanga wetu unatoka mtoni. Mwezi wa pili, wakati wanapanga vizibo, mto ulikuwa mkavu, watu wanashuka na mikokoteni wanachota kama mali ya bure. Sasa mwisho wa Aprili kaka anafika na mkokoteni, mto umejaa ukingo kwa ukingo, maji rangi ya chai, katikati kuna mti mzima unasafiri. Akanipigia.

"Harieth, nimekwisha."

"Umeua mtu?"

"Mto umejaa."

"Mto kujaa Aprili ni habari?"

"Mchanga nimeupanga Aprili."

Nilicheka hadi mteja akachukua soda yake mwenyewe kwenye friji. Nikangoja na yeye acheke. Nikasikia tu maji na ng'ombe wanahema.

Na kosa lenyewe mnaliona? Kizibo cha mchanga alikibandika kwenye kizibo cha sakafu, kwa sababu ndipo unapotumika. Hakujiuliza unapatikana lini. Majirani wote wanao mchanga wa kupiga lipu nyumba zao wenyewe, hakuna wa kumpa. Na zimebaki wiki nne.

Ngassa akaja na ushauri wake. "Shindilia udongo, mwagia maji, ukauke. Mayu hataona."

"Pamba itaona," kaka akasema. Udongo chini, pamba juu, fifi nyingine. Lakini niliona anaufikiria ule ushauri. Aliufikiria siku mbili nzima. Siku ya tatu akaniambia, "Twende Kasoli. Ukicheka nakuacha njiani."

Mayu tulimkuta shambani. Kaka hata salamu aliikata nusu. "Mayu, nimekosea. Mchanga ulitakiwa kuja Februari. Mto umejaa, sakafu haiwezi kuwahi."

Mayu akamtazama. "Na ulitaka kunificha?"

"Nilifikiria, mayu."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Mayu akang'oa gugu, akalitupa. Kaka akasimama kama mtu anayesubiri matokeo. Mimi nikaomba ardhi inimeze, na sikuwa na kosa.

"Pamba yangu inataka sakafu," mayu akauliza taratibu, "au inataka isiguse udongo?"

Kaka akapima usawa wa goti lake kwa kiganja. Halafu: "Kichanja! Naijengea kichanja humo ndani, miti na mbao, usawa wa goti, mikeka juu. Pamba inalala hapo. Ikishauzwa na mto umeshuka, mwezi wa nane namwaga sakafu."

"Miti iko kule nyuma. Panga mwenyewe usiniletee vizibo."

Mei tarehe ishirini na saba pamba ya kwanza ikaingia, kichanja kimesimama, mlango unafungwa. Siku mbili baadaye mvua ikashuka kama imetumwa. Haikulowanisha hata tonge moja la pamba. Sokoni mnunuzi akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa nyeupe, akazamisha tena, nyeupe. Daraja la kwanza yote.

Jamaa mmoja kwenye foleni, Ansbert, mwenye duka Nyashimo, akauliza, "Mayu, ghala lako kajenga nani?"

"Luhaga. Akili yake inachelewa, ila inafika."

Foleni nzima ikacheka, na kaka alikuwa pale pale. Lakini Ansbert akaomba namba. Sakafu ya mayu ilimwagwa Agosti kama kaka alivyoahidi, na wiki hii ameanza stoo ya Ansbert huko Nyashimo. Nilikuwa pembeni kaka alipompigia Ansbert simu ya kwanza. Hakuuliza ukubwa, hakuuliza bati la rangi gani. Aliuliza, "Mkuu, huko kwenu mchanga mnachota wapi, na mto unajaa lini?"

Sasa zamu yenu, msijifanye malaika. Nani hapa alipaka rangi kabla ya kuvuta nyaya za umeme? Nani alialika wageni kabla ya kuchimba choo? Mwageni kwenye komenti, na kama kosa lilikuzalia jina, andika na jina.