Barua Yenye Nyuso Kumi na Nne

Mimi ikifika saa kumi na nusu sina subira. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya mradi wa maji, Malindi mjini, na kila jioni nilizima kompyuta huku mkono mwingine ushashika buibui. Nayo ikaanza kunigomea. Ilinitolea kisanduku cha maneno kwamba programu ya barua pepe bado haijafungwa, je, nisubiri au niizime kwa nguvu? Nilibonyeza kwa nguvu, tena kwa raha, nikatoka kuwahi viazi karai vya moto.

Mgomo huo ulianza siku nilipotuma barua ya kina mama wa Ganze. Walikuwa wakiomba kuchimbiwa kisima, maana kwao mtu huondoka na dumu alfajiri akarudi jua li utosini. Niliandika mistari sita, nikawasomea. Walinitazama kwa huruma. Kwao haombwi mtu kwa karatasi. Unakwenda mwenyewe, unaonekana uso, unasalimu, ndipo unasema shida. Kwa kuwa wote hawangeweza kwenda Nairobi kwa wakubwa wa mradi, waliamua nyuso zao ziende. Basi nikawapiga picha wote kumi na nne, mmoja mmoja, wamejifunga leso za sikukuu, nikazipachika kwenye barua vile vile zilivyo, nzito kama magunia ya mahindi, nikabonyeza kutuma. Barua ikatoweka machoni pangu, nami nikahesabu imefika.

Wiki tatu, kimya. Niliwalaumu wakubwa wa Nairobi moyoni, kisha nikawaandikia kabisa kwamba kutoitikia salamu za watu wazima ni utovu wa adabu. Hiyo nayo haikujibiwa.

Ilipobaki siku moja tu maombi ya visima yafungwe, mwenyekiti wa kina mama akaja mwenyewe ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

"Hawajasema kitu."

Hakulalamika. Aliketi, akavua viatu, akaangalia miguu yake. Nami nikaanza kuzima kompyuta. Kisanduku kikaja.

"Chasemaje hicho?"

"Chasema programu ya barua haijamaliza kazi, nisubiri."

"Nawe huisubiri?"

"Aa, mimi huizima kwa nguvu."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Alinitazama vile vile nilivyotazamwa siku ya mistari sita. "Mbona wamkatiza mwenzio? Muache amalize."

Nilitaka kucheka, lakini nikarudi nyuma, nikafungua sanduku la barua zinazotoka, ambalo sikuwahi kuligusa. Wote kumi na nne walikuwa humo. Mtandao wetu ni wa kujikongoja, na kompyuta niliiwasha alasiri tu, kwani asubuhi nilikuwa nje na mafundi wa pampu. Kila jioni niliwakata kina mama njiani, kesho yake wakaanza safari upya. Nyuma yao, kwenye foleni, ilisimama barua yangu ya ukali. Niliona haya hata nikashindwa kumtazama mgeni wangu.

Tukakaa. Niliagiza viazi karai, tukala pale pale mezani, huku kimstari cha kijani cha kuonyesha safari ya barua kikisogea kwa uvivu wake. Kabla ya magharibi kilifika mwisho. Mama akapiga kigelegele. Nami nikapiga, na katika kupiga nikasahau kuifuta ile barua ya pili. Ikaenda nayo.

Jibu lilikuja siku ya tatu: wamezipokea salamu za kina mama, na za karani pia, zilizofuata dakika moja baadaye, na mtambo wa kuchimba uko njiani.

Siku kisima kilipofunguliwa, mama alinikabidhi kikombe cha kwanza mbele ya wenzake wote. Maji yalikuwa na chumvi kidogo. Nilikunywa nusu, nikataka kumpa aliyekuwa karibu nami niwahi gari la kurudi mjini. Mama akanishika mkono.

"Maliza, mwanangu," akasema, na nyuso zote kumi na nne zikaangua kicheko.