Script yangu ilisema antena iko muzima

Jameni, leo majivuno yangu imeliza mama wa watu.

Munajua ile script yangu, programu kidogo nilijiandikia? Inasoma habari za antena zenye ordinateur, ile kompyuta yetu, inaandika, na kunitolea neno moja tu: antena ya wifi yetu ya Kashebere iko muzima ao imekufa. Nilijivuna nayo mpaka Walikale!

Siku tatu mufululizo Mama Furaha, mwenye anapokea ujumbe kwa wifi yetu, aliniuliza:
“Kaka, binti yangu wa Masisi ameandika?”
“Antena iko muzima, Mama. Yeye njo amekusahau!” Nikacheka.

Kumbe ordinateur inaandika habari mupya chini. Script yangu inasoma mustari wa juu, wa zamani; antena ilikuwa imekufa siku zote hizo.

Leo nimewasha antena. Ujumbe za binti yake zikaingia kwa simu yake:
“Mama, mujukuu wako anagonjwa, anakuita.”
Kisha: “Mama, tumemuzika.”

Akanishika mukono: “Haukujua, kaka.”

Heri angenipiga. Ninyi mungemujibu nini?